Baridi ya Peke Yetu

Jumatatu, 9 Septemba 1974

Saa kumi na mbili asubuhi nimesoma kipimajoto cha shule. Digrii tisa. Nimesoma mara mbili, nimefuta kioo kwa shati, nimesoma tena. Tisa. Septemba! Kipupwe kilitakiwa kiwe kimeshakwenda zake.

Redio jana ilisema Dar es Salaam thelathini na tatu. Tabora joto. Dodoma, hapo jirani tu, joto. Mtangazaji akashauri wananchi wanywe maji mengi na wakae kivulini. Nilitamani kuitupa redio nje.

Mama ana wiki ya pili ndani ya kibanda cha nyasi, tangu serikali imhamishe kutoka mlimani kuja kijiji hiki kipya cha ujamaa, nami nalala naye humo. Ukuta haujakandikwa kwa sababu maji ya kukandikia yako mbali. Upepo unaingia huku unatokea kule.

Jumanne, 10 Septemba

Digrii nane na nusu. Watoto wamekuja shule wakitetemeka, mikono imefichwa kwapani. Hesabu haikuandikika. Nimewachezesha mpira mpaka jua likapanda.

Mchana jua kali, mtu unavua sweta. Ndiyo mtego wake huo. Anayekuja mchana haamini.

Jumatano, 11 Septemba

Nimekwenda kwa Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ntandu. Nimemwamkia, nimekaa, nimesema shida yangu: Mama arudi kwenye tembe lake la zamani, kule mlimani upande wa Mungaa, mpaka kibanda kikandikwe. Wiki tatu tu. Tembe lina kuta nene na paa la udongo, halijui upepo.

Akasema hana uwezo. Mwenye uwezo ni Katibu Tarafa.

Huyu ni mtu aliyezaliwa ndani ya tembe. Anajua kila ninachokisema. Nimeondoka bila kumaliza maji aliyonipa.

Alhamisi, 12 Septemba

Katibu Tarafa amekuja na Landrova saa saba mchana. Mtu wa pwani, shati la mikono mifupi, leso ya kufutia jasho. Nimemwonyesha kadi ya vipimo vya wiki. Akaitazama, akacheka.

"Mwalimu, nchi nzima inaungua, wewe tu ndiye una baridi? Umesoma vibaya."

Nikamwambia alale hapa siku moja. Akasema ana kazi nyingi. Akachukua kalamu yake, kadi yangu, akaandika 19 juu ya 9. Mbele ya macho yangu! Eti isije ikafika makao makuu tukaonekana hatujui kusoma.

Ombi la Mama amelikataa. Ametoa na amri: matembe yote yaezuliwe kesho, watu wasipate pa kukimbilia.

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mpumbavu mkubwa.

Ijumaa, 13 Septemba

Wameezua. Boriti za paa la Mama zimeletwa kijijini kujengea ofisi. Baba alizikata mwenyewe kwa shoka mwaka aliooa.

Mama amezitambua zilipopita.

Digrii saba. Nimeandika 7 kwa wino, kubwa, na chini yake saini yangu.

Jumapili, 15 Septemba

Mama ameanza kukohoa. Kikohozi cha chini, kifuani. Sikwenda kanisani.

Amesema kwa Kinyaturu, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi: "Mwanangu, niletee mbuzi wangu walale humu."

Nikasema haiwezekani, Mama, ni sheria ya kijiji.

Basi niandike na hili, maana hapa hakuna wa kumdanganya. Sheria hiyo niliileta mimi. Siyo Katibu Tarafa, siyo Mwenyekiti. Mimi! Mwezi wa saba, kwenye mkutano, nilisimama na chaki mkononi nikasema kulala na mifugo ni ujinga wa zamani, ni kupe na uchafu, ni aibu kwa taifa linalojenga. Watu wakapiga makofi. Mbuzi na ndama wote wakaenda zizi la kijiji, na wa Mama pia alipohamishwa. Nilijiona nimefanya jambo.

Miaka yote Mama alilala upande wa mbuzi. Pumzi zao ndizo zilizokuwa moto wake. Na mimi nilikulia hapo hapo, sikuumwa hata kifua. Nilisomea wapi ujinga huu?

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ila aliyeingia ni mama yangu.

Jumatatu, 16 Septemba

Digrii sita. Mama ameshindwa kuinuka. Uji wa uwele nimemnywesha kwa kijiko, vijiko vinne, cha tano akageuza uso.

Nimekwenda kwa baiskeli mpaka zahanati ya Sepuka. Mganga akauliza maswali, akasema kichomi kinamnyemelea. Akanipa vidonge. Akasema: "Muhimu kuliko vyote, mweke mahali pa joto."

Mahali pa joto! Mahali pa joto wamepaezua Ijumaa. Pengine pa joto ni Dar es Salaam, nimpakie kwenye baiskeli.

Nimelia njiani. Kwa hasira, siyo kwa kitu kingine.

Jumanne, 17 Septemba

Nimekwenda zizini saa tisa mchana, watu wote wakiona. Nimetoa mbuzi wa Mama, majike mawili na mtoto wao. Nimewafunga kamba moja, nimepita nao katikati ya kijiji, mstari wa nyumba kwa nyumba. Wanafunzi wangu wametazama. Bila shaka wanakumbuka hotuba.

Mzee Ntandu akanifuata. "Mwalimu, hii sheria si yako mwenyewe?"

Nikamjibu: "Ni yangu, mzee. Nimeivunja."

Akasema atanishitaki tarafani, nitahamishwa, pengine kazi itakwenda. Nikamwambia ashitaki leo leo, Landrova isije bure. Sikutakiwa kusema hivyo kwa mtu wa umri wake. Nimesema. Sijuti bado.

Nimewafunga mbuzi ubavuni mwa kitanda. Nimeziba ukuta wa kaskazini kwa magunia ya udongo mkavu. Mama akaweka mkono juu ya mgongo wa mbuzi mmoja, akafumba macho.

Jumatano, 18 Septemba

Sita tena. Nje.

Ndani hakuna mvuke mdomoni. Harufu, ipo. Mama ametoka jasho, shuka imelowa. Amekunywa kikombe kizima, akalalamika uji mwembamba. Lo! Akilalamika huyo ni mzima.

Alhamisi, 19 Septemba

Hakuna barua kutoka tarafani. Nimefundisha. Nimefuta ubaoni kila kilichobaki cha somo la afya, kisha nikaandika jipya: mbuzi walale ndani mpaka kuta zikandikwe, pafagiliwe kila asubuhi. Atakayetaka kucheka acheke.

Ijumaa, 20 Septemba

Digrii saba. Upepo umepungua kidogo.

Jua lilikuwa linachomoza Mzee Ntandu alipobisha hodi. Nilidhani amekuja na barua. Alikuwa amembeba mjukuu wake, mtoto wa miezi minane, amemfunika kwa koti lake mwenyewe. Yeye alikuwa na shati tu. Mtoto anakohoa kikohozi kile kile.

Alimwamkia Mama shikamoo. Kisha akasimama. Akasema nyumba yake ndiyo nyumba ya mfano ya kijiji, wageni wa serikali hufikia pale, hawezi kuonekana na mbuzi. Nilikuwa na maneno mengi tayari, nimeyaandaa wiki nzima.

Mama akasogea ukutani, akapiga kitanda kwa kiganja, pale penye nafasi.

Mzee akamlaza mtoto kati ya Mama na mbuzi. Akatoka nje, akakaa chini, akaegemea ukuta, mikono kwapani.

Nimempa uji.