Tairi Zimelika kwa Ndani, Mke Wangu Ameacha Kuendesha

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama utanisema kwanza ndipo unisaidie, wewe niseme tu, maana kusemwa nimestahili.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, mke wangu ni muuguzi, tuna gari moja dogo tunalolitumia wote wawili, na mke wangu huyu alipata leseni akiwa na miaka arobaini na moja baada ya kufeli mara mbili, mara ya tatu akarudi nyumbani anapiga honi ya mdomo kuanzia getini, sijawahi kumwona na furaha ile hata siku ya harusi yetu, na tangu hapo kila asubuhi kabla hajaingia garini hulizunguka kama walivyomfundisha, anagonga kila tairi kwa ncha ya kiatu, "nzima, nzima, nzima, nzima," ndipo anawasha.

Sasa mimi, sijui ni uzee unakuja au ni nini, nikaanza kuona gari letu limesimama juu mno kama kuku anayevuka maji, na kazini kuna wenzangu wawili wameyashusha magari yao yamelala chini yanapendeza, wakawa wananitania, nikaenda kununua springi fupi, na kwa kuwa mimi si mjinga, au ndivyo nilivyodhani, nilishasikia kwamba ukishusha gari lazima upime alaimenti, yaani magurudumu yanyooshwe yakae sawa, basi Ijumaa nikitoka kazini nikapita kwa fundi wa alaimenti kwa sababu hakuwa na foleni, akapima, akanipa karatasi yenye namba zote za kijani, na Jumamosi ndipo nikafungiwa springi, nikahesabu yote mawili nimemaliza, karatasi nikaiweka garini kwa fahari.

Gari likapendeza kweli, hata jina nikapewa, wakaniita Mzee Chini. Mke wangu hakulipenda, alisema, "Mume wangu, kutoka humu ndani sasa ni kama kuzaa," lakini akaendelea kuendesha.

Miezi mitano baadaye, siku ya mvua, saa kumi jioni anatoka kazini, kwenye kona ambayo ameipita mara mia, nyuma ya gari ikateleza, gari likazunguka likatazama lilikotoka na kugonga ukingo wa barabara, Mungu mkubwa hakuumia mtu, lakini alinipigia simu analia, "Nimeshindwa gari, nimeshindwa," nikaenda mbio, na wakati yeye ameketi kibarazani kwenye duka la jirani, mimi nikainama nyuma ya gari nikapitisha mkono upande wa ndani wa tairi, ule usioonekana ukiwa umesimama, kitu kikanichoma, kutoa kidole ni damu, mshauri, zilikuwa nyaya, tairi zote mbili za nyuma kwa nje zina meno mazuri, kwa ndani ni kipara mpaka nyaya zimetokeza.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Sikusema. Nilimwambia nimejikata na bati, na yeye akatoa bendeji mkobani akanifunga kidole huku ananiomba msamaha kwa kugonga gari, nami nikamjibu, "Usijali mke wangu, hutokea."

Sasa ni wiki ya sita hajashika usukani. Funguo zake aliziweka kwenye kikombe kabatini. Mimi ndiye ninayempeleka na kumrudisha, mama mkwe ananisifu mbele za watu kwamba mume kama huyu hapatikani, na nitasema ukweli kwa kuwa hunioni uso, sifa zile zilinikolea. Tairi ni zile zile, naendesha polepole, na ikinyesha nasema betri imekufa tunapanda basi. Ila kazini kwao wamempa nafasi aliyoingoja miaka, kusimamia chanjo katika zahanati tatu, sharti ajiendeshe mwenyewe, na ameshaandika barua ya kuikataa, nimeiona juu ya friji, imeandikwa "kwa kuwa sina uwezo wa kuendesha gari kwa usalama." Jumatatu ijayo anaipeleka.

Mshauri, mimi nimeshaamua. Jumamosi hii mchana narudisha springi za zamani, ninazo stoo, naweka tairi mpya, napima alaimenti, halafu namwambia ajaribu tena kidogo kidogo. Swali langu ni moja, je, haitoshi nikitengeneza kila kitu kimya kimya bila kumwambia? Nikisema, ataniona mtu wa namna gani? Tafadhali ficha jina langu, maana yeye husoma safu yako kila Jumamosi akimaliza kufua, kabla hata ya habari za maana.

Jina lihifadhiwe.

MSHAURI ANAJIBU

Hapana, haitoshi. Nimeanza na jibu kwa sababu una haraka, na barua yako iliyofika Jumatano nimeipitisha mbele ya wenzako waliotangulia, wanisamehe.

Tuanze na gari, ndilo jepesi. Nyuma ya ofisi yetu kuna fundi wa magurudumu, mtu wa makamo asiyechekacheka ovyo. Nilimsomea barua yako. Nilipofika kwenye karatasi ya namba za kijani akaketi juu ya tairi akashika tumbo kwa kucheka. "Amepima kwanza, akashusha baadaye?" Ndiyo, fundi, ndivyo alivyofanya, na karatasi akaitunza. Akanieleza kwamba gari likishushwa magurudumu hulala, juu yanaingia ndani, na tairi inaanza kukanyaga kwa ukingo wa ndani peke yake. Ndiyo maana kipimo huja baada ya kushusha. Karatasi yako ilikuwa ya gari lililokuwepo Ijumaa. Tena akasema magari mengine hayana hata nati ya kunyoosha mlalo huo wa nyuma, ungepima baada ya kushusha bado lingekula tairi mpaka ubadilishe vyuma vingine. Kwa hiyo kurudisha springi zako za zamani umeamua vizuri. Zikishafungwa, endesha siku chache zikae, ndipo upime, na karatasi ya safari hii isome tarehe.

Lakini gari hilo lisitoke getini na tairi hizo, hata kwenda kwa fundi. Fundi aje kwako. Unaniambia eti unaendesha polepole! Tairi ikipasuka itakuuliza ulikuwa na mwendo gani? Wiki sita umemkalisha mkeo juu ya nyaya ulizozigusa kwa kidole chako, na siku za mvua unaiua betri nzima. Mwenye kubuni uongo wa betri anajua vizuri sana hatari iko wapi. Nimekasirika nawe, na sitakuficha.

Najua pia kwamba umeumia. Mtu asiyeumia hakumbuki nani alimfunga bendeji. Ile siku uliogopa, na sifa za mama mkwe zikakufanya uendelee kuogopa. Hilo nalielewa.

Ila unaniuliza mkeo atakuona mtu wa namna gani, na hukuuliza yeye anajiona mtu wa namna gani. Rudi kwenye friji usome tena. "Sina uwezo wa kuendesha gari kwa usalama." Hayo ni maelezo yako wewe, yeye amekuazima mwandiko tu. Mwanamke aliyefeli mara mbili akarudi mara ya tatu, aliyegonga tairi nne kila asubuhi, amekubali kuikataa nafasi aliyoingoja kwa kosa ambalo hakulifanya. Walimfundisha kuangalia tairi kwa nje. Nani angemwambia ya ndani, kama si wewe uliyeshusha gari?

Sasa sikiliza. Ulikosea mpangilio mara moja, ukapima kabla ya kushusha. Unataka kuukosea tena, utengeneze kabla ya kusema. Ukibadilisha tairi kwanza, fundi ataondoka na ushahidi, na mkeo atabaki na gari zima na mikono anayoishuku mpaka azeeke. Usiguse hata nati moja. Mwite nje kungali mchana, mwambie kwa mdomo wako mwenyewe, maneno matatu yanatosha, "Kosa ni langu," kisha mpe glavu nzito apitishe mkono nyuma ya tairi aguse. Mficha uchi hazai, muulize muuguzi wako.

Atakasirika. Mwache akasirike, usimwite mama mkwe akuombee, na usimkumbushe ulivyokuwa unampeleka kazini. Barua ya friji usiichane wewe. Funguo usimtolee wewe. Akitaka kukaa kimya siku mbili, panda basi, nawe si mgeni wa basi. Hilo gari likishanyooka, umwombe akupeleke mahali, ukae kushoto kwake au kulia kwake, popote palipo kiti cha abiria, ufunge mkanda na mdomo.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. La utani umeliandika mwenyewe. Leo ni Jumamosi na gazeti liko mezani kwenu, kwa hiyo una muda mpaka nguo ya mwisho ianikwe.

Na wewe dada muuguzi, kama umefika mstari huu na mtu wako bado anazungukazunguka uani hajafungua mdomo, weka gazeti chini. Toka nje. Safari hii usigonge tairi kwa ncha ya kiatu. Inama kwenye gurudumu la nyuma upitishe mkono upande wa ndani, taratibu, kuna kitu kinachoma. Ukishakigusa, nenda kabatini. Kikombe kiko palepale ulipokiweka.