Sijui Pikipiki Yangu Inatumia Petroli Gani

Mpendwa Bi Noelene,

Nisaidie kabla sijaondoka duniani, wewe unayewajibu wenye pikipiki gazetini kila wiki, maana kuna jambo nimelificha tangu ujana wangu nalo ni hili: sijui pikipiki yangu inatumia petroli gani. Najua utacheka. Mji mzima wa Corrabin huja kwangu kuuliza habari za petroli, watu wazima wenye pikipiki zao nzuri husimama kwenye uzio wangu na kusema, "Mwalimu, nijaze petroli ya namba tisini na moja au tisini na nane? Na hii yenye ethanoli vipi?" nami nimewajibu wote bila kupepesa macho, na muda wote huo nilikuwa nabahatisha.

Nilikuwa mkuu wa shule ya hapa mpaka nilipostaafu. Sasa moyo umechoka, daktari wangu wa mjini Mackay ameacha kunizungumzia habari za mwaka ujao, na siku nyingi nalala kwenye kochi la verandani nikisikiliza treni za miwa. Pikipiki nimempa mjukuu wangu Tamsin, atakuja kuichukua Jumamosi ya wiki ya mwisho ya mwezi aipandishe mlima wa Eungella kama tulivyokuwa tukifanya sisi, na juzi alinipigia simu akauliza, "Babu, niweke ipi? Nataka ile ile mliyokuwa mkiweka," nami nikajifanya nimeshikwa na kikohozi.

Ni pikipiki ya Kiingereza ya mwaka 1967, silinda mbili, buluu, sasa imepauka. Tuliinunua mwaka niliomwoa Doris, binti wa Wamalta waliolima miwa ng'ambo ya mto, na kila Jumapili baada ya ibada tulipanda nayo mlimani, yeye kafunga kitambaa kichwani, kapu limejaa pastizzi za mama yake, zile sambusa za jibini za Kimalta, zilizofungwa kwenye taulo, na chupa ya chai, na jioni tulishuka wakati watu wanachoma miwa, moto umesimama pande zote mbili za barabara, majivu meusi yanatutua mabegani, na hewani kuna harufu ya molasi kutoka kiwandani imechanganyika na ile ya petroli ya zamani, na mpaka leo mtu akinipa vitu vyote vya dunia nichague nitachagua ile harufu.

Lakini pikipiki ile ilinisumbua. Asubuhi niliisukuma kwa mkono kutoka nyumbani hadi kwenye reli ya miwa nje ya mji, nisiwakere majirani kwa kelele, na jioni tukirudi ilizimika pale pale kwenye reli, ikawa lazima niisukume barabara nzima hadi nyumbani, Doris akinifuata na kapu lake, nikipita mbele ya baa ambako kaka yake Zeppi alikaa na bia akinisubiri.

"Shemeji! Umenunua pikipiki au toroli?"

"Petroli mbaya," nikamjibu.

"Petroli hiyo hiyo natia kwenye trekta langu, mbona halijanipanda mgongoni?"

Watu wakacheka, mimi nikaeleza kwa kirefu ubaya wa petroli, na kwa kuwa mwalimu akieleza jambo kwa kirefu watu hudhani analijua, nikawa mtaalamu. Cha ajabu ni kwamba ilipokuja sheria ya helmeti, na sisi tukanunua zile za kufunika uso mzima zenye kioo cheusi, ugonjwa ule ukapona wenyewe, tukawa tunaingia mjini injini inaunguruma na watu wakitupungia mikono.

Miaka mingi baadaye wakaanza kutengeneza ethanoli, yaani pombe ya kuendeshea injini, kwa molasi ya kiwanda chetu na kuichanganya kwenye petroli, na Zeppi alikuwa mmoja wa wakulima waliohangaikia jambo hilo mpaka likafanikiwa. Wakaitisha mkutano ukumbini. Mtu akasema, "Tumsikie Mwalimu," macho yote yakanigeukia, na badala ya kusema sijui nikasema, "Mimi nimesukuma pikipiki kwa petroli safi, mkinichanganyia pombe nitaibeba kichwani!" Ukumbi ukavunjika kwa kicheko, na nusu ya mji ikaikataa petroli ya miwa yao wenyewe. Zeppi alinifuata mlangoni. "Shemeji, umekula miwa yetu tangu uoe, leo unatutemea makapi usoni." Tangu siku hiyo hatusemeshani.

Aliyekuwa akijaza mafuta ni Doris. Alikwenda kituoni na dumu peke yake, alisema mikono ya mwalimu isinuke petroli, na mimi sikuwahi kumuuliza anaweka ipi. Alifariki ghafla, miaka minane sasa, na pikipiki haijatoka bandani tangu hapo. Petroli ya mwisho aliyotia imo bado kwenye tangi. Nilipokuwa na nguvu za kutembea nilikuwa naenda kufungua kifuniko na kunusa.

Basi niambie, nimwambie Tamsin aweke ipi? Naweza kuchanganya mpya na hiyo ya Doris, isipotee? Nikikosea, injini itafia mlimani, na hicho ndicho kitu pekee cha bibi yake atakachobaki nacho. Au nichague namba moja tu niiseme kwa sauti nzito, kama nilivyozoea?

Wako,
Mwalimu mstaafu, Corrabin

*

Mwalimu,

Pole kwa moyo, na pole kwa Doris. Sasa kaa vizuri kwenye hilo kochi nikugombeze.

Namba ya okteni haipimi nguvu, na wewe umewadanganya wangapi sijui. Inapima uvumilivu. Petroli ya namba kubwa inabanwa ndani ya silinda na kusubiri cheche ya plagi, ya namba ndogo ikibanwa sana inalipuka kabla ya kuitwa, na hapo utasikia injini inagonga kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo, hasa mlimani. Injini yako ilizaliwa enzi ambazo petroli bora ilikuwa kitu cha kawaida. Tamsin aweke tisini na tano isiyo na ethanoli. Ikigonga akipanda Eungella, apunguze mwendo, na safari ijayo apande hadi tisini na nane. Isipogonga, tisini na nane haitamwongezea chochote.

Ethanoli si sumu, na ungesema hivyo pale ukumbini ungebaki na shemeji. Pikipiki mpya ambayo kitabu chake kinairuhusu itaitumia bila shida. Ya kwako ndiyo haiwezi. Ethanoli hunyonya unyevu wa hewa, na pikipiki isiyotembea kila siku huishia kuwa na maji chini ya tangi, tangi la chuma linaota kutu, mipira ya zamani ya kupitishia petroli inalainika, uchafu wote unashukia kwenye kabureta. Mwambie asome kibandiko cha pampu kila mara, asitazame rangi ya mpini, maana vituo havifanani. Na fundi aangalie kama valvu ziliwahi kubadilishiwa vile viti vya chuma zinapokalia, viwekwe vigumu, kwa sababu petroli ya siku hizi haina yale madini ya risasi yaliyokuwa yakizilinda. Kama bado, kuna dawa ya kutia kwenye tangi.

Petroli ya Doris imwagwe. Hapana, usinibembeleze. Petroli hata nzuri haifiki miezi michache kabla ya kuanza kuharibika, hiyo yako imeshageuka gundi, na ukichanganya na mpya utakuwa umeua zote mbili na injini juu yake. Ipelekwe wanakopokea mafuta mabovu, isimwagwe kwenye miwa ya watu. Mipira yote ibadilishwe, kabureta ifunguliwe isafishwe, oili mpya. Baada ya hapo Tamsin asiiache ikae na tangi la petroli hiyo hiyo msimu mzima.

Hayo ndiyo uliyoniuliza. Sasa niseme ambayo hukuniuliza.

Nimefungua injini tangu nikiwa msichana wa misuko miwili kichwani, na nimezisikia tabia zote za petroli mbaya. Inafanya injini ikatae kuwaka asubuhi. Inagonga mlimani. Inakohoa, inakata, inatoa moshi. Ya kwako ilipanda Eungella yote bila kukohoa, ikashuka, kisha ikafia kwenye reli, mahali pale pale, kila Jumapili, mita chache kabla watu hawajaweza kukuona. Mwalimu, petroli haijui mji unaanzia wapi. Asubuhi uliisukuma kwa heshima ya majirani, jioni uliisukuma kwa sababu ya petroli, halafu ukavaa kioo cheusi usoni na ugonjwa ukapona. Helmeti haijawahi kutibu petroli.

Kwa hiyo nina swali moja, na jibu lake usiniandikie mimi. Kwenye Jumapili zile, nani alikuwa anakaa mbele?

Tamsin anakuja kuchukua pikipiki ya mtu. Ana haki ya kujua ni ya nani. Mwambie kabla hajapiga kiki, ukiwa na pumzi, usimwachie ayasikie kwa fundi. Na mpigie Zeppi simu leo, si kesho, umwambie kosa halikuwa la molasi yake. Unaogopa watacheka? Watacheka. Wacheke.

Noelene

*

(Mwezi uliofuata Mwalimu aliandika tena, akaturuhusu kuchapisha.)

Bi Noelene,

Nilimpigia Zeppi siku ile ile gazeti lilipofika.

"Nani?"

"Shemeji yako."

"Kumbe ninaye?"

Nikamwambia haikuwa molasi yake. Akasema, "Molasi imekuja mimi nina mvi. Wewe ulianza kusukuma tukiwa vijana. Na ulikuwa unatufundishia watoto hesabu?" Jumamosi akaja mwenyewe na dumu la tisini na tano, ameisoma pampu, akanionyesha kidole chake kilivyopita kwenye kibandiko.

Tamsin alikuwa ameshafika tangu Alhamisi na mipira mipya na vifaa vyake, amefungua kabureta juu ya meza yangu ya chakula. Ile petroli ya zamani aliitoa mbele yangu kwenye beseni. Ilikuwa ya kahawia kama chai iliyosahauliwa jikoni, na ilinuka uchungu kama rangi ya ukutani. Nilitarajia kulia, sikulia. Haikuwa harufu yake tena, na labda ilikuwa imeacha kuwa yake zamani na mimi nilikuwa nikiinusa kwa mazoea. Zeppi aliimimina kwenye dumu kuukuu, akalifunga akalipeleka kunakohusika.

Wakajaza mpya. Nilikuwa nimejiambia nitasema kabla hajapiga kiki, kama ulivyoniagiza, lakini mtoto huyu ana mguu mwepesi kama wa bibi yake, na ikawaka mara ya tatu. Ile sauti, Bi Noelene. Veranda nzima ilitetemeka na vikombe kabatini vikagongana, na kwa muda kidogo nilikuwa na miaka ishirini na saba na mahindi ya kuchoma yananisubiri nyumbani kwa wakwe.

Tamsin akaja kunishika mkono. "Babu, twende. Ukae tu mbele, nikupige picha kama ulivyokuwa ukikaa."

"Panda, shemeji," akasema Zeppi. "Leo haizimiki."

Walinishikilia huku na huku hadi bandani. Niliweka mkono kwenye siti, na mkono wenyewe ukaenda nyuma, kwenye ule mkanda wa ngozi ambao abiria hushika, umelainika mahali pamoja. Tamsin akaniangalia.

"Siyo hapo, Babu. Mbele."

Nikamwomba azime injini. Nikawaambia wote wawili, kwa sauti niliyokuwa nayo. Wiki ile tulipoinunua nilijaribu mara moja kwenye uwanja wa shule, nikaanguka kabla ya kutia gia ya pili, nikaiacha imelala pale pale na sikuthubutu kuishika tena. Doris akaiinua, akapanda, akazunguka uwanja mzima akicheka. Akasema, "Wewe una shule ya kuongoza, mimi niachie hii." Lakini mimi nilikuwa mkuu wa shule, na mji ule wakati ule, mke mbele na mume nyuma, nisingeweza kuingia darasani Jumatatu. Mimi ndiye niliyemwomba ashuke kwenye reli. Hakuwahi kunikatalia, na hakuwahi kumwambia mtu, hata kaka yake, hata nilipokuwa nimesimama ukumbini nikiwafundisha watu habari za petroli na yeye amekaa safu ya tatu anatazama mikono yake.

Mlima wote ule, Jumapili zote zile, miwa ikiwaka pande mbili, ni Doris aliyekuwa akiendesha. Mimi nilikuwa abiria wake.

Desmond Trewin