Hita ya Maji ya Mama

Jumanne, Bwera

Bado sijui kama tumeamua vizuri. Hita ya maji imekuwa ikivuja tangu wiki iliyopita, na mama mkwe, ambaye magoti humuuma asipooga maji ya moto, ameanza kusema atarudi kwake Karusandara asitusumbue.

Mume wangu alitaka tununue mpya. Lakini leo fundi aliifungua akasema, "Tangi iko mzima. Mpira tu ndiyo imeisha." Tukakubali abadilishe huo mpira wa kuzuia maji kwenye maungio. Naogopa itavuja tena, maana imezeeka.

Ila jioni mama alikaa bafuni mpaka nikagonga mlango. "Mama, uko sawa?"

"Niache kidogo, mwanangu. Maji iko tamu."

Alitoka bila kushika ukuta, akauliza kesho tutaenda sokoni saa ngapi.