Ufunguo wa Mkate

3 Machi

Binti yangu,

Pokea salamu zangu, za mama yako, na za kuku wako mwekundu ambaye bado anatembea kwa sababu mama yako amekataa katakata achinjwe kabla hujarudi. Sisi hatujambo. Mgongo wangu unanikumbusha umri kila asubuhi, na mama yako kifua kinambana akipanda ngazi, lakini ukimwambia aende hospitali anasema hospitali ni ya wagonjwa. Naandika kwa mkono maana kwenye simu mama yako hunipora. Mimi nikimaliza salamu, yeye kashamaliza salio.

Habari kubwa ni kwamba mtaa wetu una gari la wagonjwa. Usicheke. Unakumbuka fundi cherehani alivyobebwa kwenye mkokoteni wa maji mpaka barabara kuu, akafia njiani. Gari la hospitali kuu liko moja, ukilipigia wanakuuliza kama mgonjwa anaweza kusubiri. Basi baada ya maziko yale watu tulikaa, tukaunda kamati, tukakubaliana kila nyumba itoe chochote mwisho wa mwezi, na wenye maduka wakaweka makopo kaunta. Haba na haba, tumenunua lile gari la buluu la mwenye tanuri la mikate. Rafu tumezing'oa. Fundi wa kuchomelea, huyo Breki wenu, katengeneza reli za machela na hakuchukua hata senti.

Harufu ya mkate imegoma kutoka, kwa hiyo gari lenyewe linaitwa Mkate. Mtu akizidiwa utasikia, "Iteni Mkate." Juzi mama mmoja kajifungulia humo ndani, wahuni wa kijiweni wanamwita mtoto Slesi.

Dereva ni mimi. Miaka yangu yote ya lori imepata kazi uzeeni. Stika ya bima ipo kwenye kioo, nakutumia na picha ya karatasi yenyewe uone baba yako si mtu wa mchezo.

Baba yako

22 Machi

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo na wewe, najua unasomewa.

Huku ugenini mimi mzima, ila masikio yananiuma kwa hizi hedifoni. Tuko chumba kimoja kirefu, kila mtu na kijimeza chake, simu zinaingia toka asubuhi na zote zinarekodiwa. Mwenye gari anauliza bima yake inalipa nini, jibu linatokea kwenye skrini, mimi namsomea. Wazazi mlionikataza kuongea sana mniombe radhi, maana ndiko kunakonilisha.

Mama, kifua si cha kufanyia mzaha. Nenda ukapimwe.

Baba, karatasi nimeisoma na imenitia hofu. Hiyo bima ni ya mwenye tanuri, inasema gari linabeba mikate. Mkimgonga mtu na mgonjwa yumo ndani, kampuni itauliza ni mkate gani huo unaotapika. Hawatalipa. Sheria inataka gari liwe na bima ili aliyegongwa alipwe, na bima yenye maelezo ya uongo ni sawa na kutokuwa nayo. Ndugu zake watawashtaki, gari litauzwa, na kamati nzima itakwenda na maji. Badilisheni mara moja, na muangalie sana sehemu ya dereva. Bima nyingine humtaja dereva kwa jina, na asiyetajwa akishika usukani mjue hamna bima.

Msinione najifanya mjuaji. Watu wanaolia kwenye simu kwa sababu hawakuisoma karatasi yao nawasikia kila siku.

Mwanenu

14 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Tuko salama, mvua imetuosha vizuri na barabara imekuwa uji.

Barua yako niliisoma mkutanoni, nimesimama juu ya kiti. Watu walisikiliza kama wanasomewa wosia. Mwenyekiti akasema, "Huyu tumemsomesha sote," ingawa yeye mwenyewe simkumbuki akinunua hata penseli. Mama yako alikaa mbele kabisa na kitambaa chake kipya, akiitikia kwa kichwa kila nilipotaja neno bima.

Tumebadilisha. Kampuni ilitupa njia mbili. Ya kwanza, dereva yeyote mwenye leseni, ila bei yake inauma. Ya pili, dereva mmoja anayetajwa kwa jina. Kamati imechukua ya pili na jina ni langu. Breki ana leseni na mkono wake mwepesi kuliko wangu, kwa hiyo tutamwongeza, lakini wanataka mimi mwenyewe nifike ofisini kwao mjini na vivuli vya leseni yake. Nitakwenda barabara ikikauka.

Mtu asije akajitia ushujaa, mkutano umeamua ufunguo ukae kwa mama yako. Kautia utepe, anauvaa shingoni. Hata mimi nikiutaka naulizwa nakwenda wapi na nitarudi saa ngapi. Barua yako ameikariri. Akienda sokoni anawafundisha wauza nyanya mambo ya bima.

Hospitali hajaenda. Anasema kifua kimetulia.

Baba yako

2 Mei

Baba, shikamoo. Naandika kwa haraka, tumeongezewa zamu.

Nimefurahi kwamba mmebadilisha. Usikawie kumwongeza Breki. Na mpaka jina lake liingie, asiguse usukani, hata iwe dharura ya namna gani. Kosa moja tu, mtaa umepoteza gari.

Mama, hili nakuambia wewe. Baba ana huruma, atamwonea mtu imani ampe ufunguo. Wewe ndiye ninayekutegemea. Usimpe mtu.

Mwanao

9 Juni

Baba, shikamoo.

Nimekaa na karatasi hii tangu ile simu yako. Baada ya shikamoo sijui niulize nini. Nilizoea kuuliza mama hajambo.

Ruhusa waliyonipa isingetosha hata kufika, acha kurudi. Mlipokuwa mnamzika nilikuwa kijimezani pangu nikimweleza mtu habari za kioo kilichopasuka. Nilimaliza simu ile vizuri, nikamtakia siku njema. Najichukia kwa hilo.

Kwenye simu ulisema asubuhi, kifua, wewe hukuwapo, gari lilikuwapo. Gari lilikuwapo, baba. Na Breki je, alikuwapo? Kuna mtu alijaribu kumpeleka? Niambie ilivyokuwa, nakuomba. Nisipoambiwa naanza kutunga mwenyewe, na ninayoyatunga hayalaliki.

Mwanao

30 Juni

Binti yangu,

Marahaba mwanangu. Pole. Sisi tunajikongoja. Wanawake wa mtaa wananiletea chakula mpaka nimeanza kujificha. Kuku wako anataga chini ya kitanda cha mama yako, sijui nani kamruhusu, na mimi sina moyo wa kumfukuza.

Umeuliza. Breki alikuwapo. Mambo yalikwenda mbio na kila mtu alifanya alichoweza. Mimi nilikuwa mjini. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, tusichimbe. Wewe kula, lala, fanya kazi.

Kaburi tumelijengea vizuri.

Baba yako

18 Julai

Baba, shikamoo.

Nimezungumza na mama mdogo kwa simu. Kaniambia Breki alikuwa ndani ya nyumba yetu, ana miguu yake na leseni yake mfukoni, na Mkate umesimama uani, na haukuondoka mpaka mama kazimia. Watu wakatumwa kutafuta teksi. Teksi, baba.

Sasa nimeelewa kwa nini unanificha. Unamlinda. Mwanaume mzima kamtazama mama yangu akikata roho kwa kuogopa karatasi. Mimi niliandika asiendeshe, ndiyo, lakini mtu mwenye utu anajua pa kuvunja sheria. Nimemwandikia mwenyekiti atolewe kwenye kamati, barua isomwe mbele ya watu. Na kwetu asikanyage.

Usiniambie nitulize hasira. Sina mama wa kunituliza.

Mwanao

11 Agosti

Binti yangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Barua hii nimeianza na kuichana, na mke wa Breki ndiye aliyenisukuma kuimaliza, kwa kuwa amekuja kwangu analia.

Barua yako ilisomwa. Breki alikuwa kakaa nyuma, karibu na mlango. Mwenyekiti alipomaliza kusoma alimpa nafasi ajitetee, akasema hana la kusema. Tangu hapo karakana yake imepoa. Mtu mwenye geti la kutengeneza anapita mbele yake anakwenda kwa fundi wa mbali. Mimi ndiye niliyewaapisha, yeye na wote waliokuwapo asubuhi ile, wasiseme kitu. Anakufa njaa kwa kiapo changu, kwa hiyo nakivunja.

Asubuhi ile mimi nilikuwa ofisi ya bima kuandikisha jina lake. Mama yako alikuwa jikoni anaosha vyombo, akakaa kwenye kigoda, akashindwa kuinuka. Jirani alimwita Breki. Alikuja mbio na ile miwani ya kuchomelea bado ipo kwenye paji la uso. Akasema, "Mama, nipe ufunguo." Mama yako akaushika kwenye ngumi, utepe shingoni, akakataa.

Alisema, "Mwanangu kasema asiyeandikwa asiguse. Gari si langu, ni la watu. Ukimgonga mtu njiani, wote watalikosa kwa ajili yangu."

Breki alipiga magoti. Mama yako akamwambia mimi narudi mchana, kifua hiki anakijua, kitaachia. Breki akajaribu kumfumbua vidole, akang'atwa. Alama unaiona mpaka leo, chini ya kidole gumba. Wanawake wakamkemea Breki, mwanaume gani anashindana na mgonjwa. Ndipo wakatumwa watu wakatafute teksi.

Alipozimia, ngumi ikafunguka yenyewe. Breki akaendesha, kwa anavyojua yeye bila bima yoyote. Mama yako alikata roho kabla hawajafika darajani. Breki hakusimama, alifika naye hospitali akiwa anapiga honi.

Na sasa sikiliza lililobaki, hili ni langu. Karatasi ilikwisha kugongwa mhuri asubuhi ile ile, kabla hata mama yako hajakaa kwenye kigoda. Jina la Breki lilikuwamo. Alinipigia simu mara kwa mara aniambie niongee na mama yako, na neno langu moja lingetosha, ningemwambia kashaandikwa, mpe. Simu nilikuwa nimeizima. Ukutani pale ofisini kuna tangazo, zima simu yako, na mimi nimelelewa kutii matangazo. Baada ya mhuri nilikaa benchi nikisubiri nakala, nimefurahi, nikifikiria nitakavyokuandikia.

Sikuambii haya nikulaumu. Ulichoandika kilikuwa kweli, na karatasi ilisema hivyo hivyo. Mama yako hakuiogopa karatasi. Alikuwa anajivunia wewe. Mtaa mzima ulikuwa umesikiliza neno la binti yake, sasa yeye awe wa kwanza kulivunja? Unamjua. Nilitaka hili lifie kwangu, lakini siwezi kumwacha mtoto wa watu alibebe.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Baba yako

25 Oktoba

Baba, shikamoo.

Nisamehe kwa kukawia. Kila nilipoanza, mkono uliandika mama hajambo, nikachana.

Mwenyekiti nimemwandikia tena. Nimemwambia kila kitu, na barua isomwe kama ile ya bima, mtu akiwa amesimama juu ya kiti. Breki nimempigia mwenyewe. Nililia, na nilipomaliza akaniuliza kama nimekula.

Sasa habari yangu. Wiki iliyopita mwanamke mmoja alipiga simu kazini. Mumewe kaanguka bafuni, gari lipo uani, yeye hajui kuendesha. Jirani anajua lakini hayumo kwenye bima. Akaniuliza, akiendesha yeye mtalipa? Jibu likatokea kwenye skrini, lile lile ninalowasomea watu kila siku. Nyuma yake nilimsikia jirani akisema, "Dada, nipe basi."

Nikamwambia, "Mpe ufunguo."

Akauliza tena, lakini mtalipa? Nikamwambia hapana, hatutalipa, huenda ukapoteza gari na nyumba, mpe ufunguo sasa hivi. Nilipaza sauti. Chumba kizima kiligeuka kunitazama. Simu ikakatika.

Meneja aliisikiliza ile rekodi, akaniita. Si mtu mbaya. Alisema mimi si daktari, kazi yangu ni kusoma jibu. Nikamwambia nililisoma mara moja kwa watu wangu, wakalitii. Hakuelewa, na sikumweleza. Nimerudisha hedifoni na kitambulisho. Niliomba niambiwe kama yule mume alifika, wakasema habari za wateja ni siri.

Kwa hiyo sina kazi, baba, na kibali changu cha kukaa huku kinaisha pamoja nayo. Usiniombe ushauri wa bima tena, ila huu wa mwisho ufikishe kwenye kamati. Ikiisha hii, chukueni ile ya dereva yeyote mwenye leseni. Bei inauma, najua. Pitisheni makopo tena.

Ule utepe wa mama niwekee, nakuja kuuchukua. Ufunguo utundikeni nje, kwenye msumari, mlango wa karakana ya Breki.

Mwanao