Mamba Muntu wa Simenti

Mama yangu,

Jambo sana huko Katogota. Mdogo wangu Bahati nimempata, mzima kabisa, usilie tena. Hapo kwenye picha ya kadi hii unaona wanawake wawili wa simenti, nusu mtu, nusu samaki. Ni mamba muntu ambao Wazungu waliwajenga kando ya ziwa hapa Uvira, halafu uhuru ulipofika wakakimbia, wakawaacha. Mwanao nilimkuta amemwegemea yule wa kushoto, bunduki magotini, kama bwana harusi.

Nikafungua mikono nimkumbatie. Akaruka nyuma. "Yaya, simama pale pale. Mwanamuke akinigusa, dawa yetu inakufa, risasi itaniingia."

Na mimi, dada yake, nilimbeba mgongoni miaka miwili. Nikamuuliza, "Na huyo unayemwegemea je, si mwanamuke?"

"Mganga wetu alishamwangalia. Kuanzia kiunoni iko samaki."

Kumbe kosa langu ni miguu. Nikaweka ugali na maharagi yako juu ya mkia wa simenti, nikarudi nyuma hatua kumi, kwa heshima zote. Alikula vyote, akalamba na sahani. Dawa yao inaogopa mkono wa mwanamke. Chakula alichopika haina neno nacho.

Kesho yeye na wenzake wanakwenda vitani. Nitamuaga kwa mbali, kama leo. Mguu wako upone haraka, Mama, na majirani wasalimie wote. Ukisali, usiniombee maisha marefu. Niombee mkia, nimshike hata mara moja kabla hajaondoka.

Binti yako, Furaha