Shali za Uzi wa Mama Gichuru

Shangazi Rosebella,

Hili nakuandikia sijaambia mtu hata mmoja, hata Annet tunayekaa naye dawati moja, naomba unisaidie na usitaje jina langu. Niko Form Two, naishi Laini Saba na mama yangu, na kanisani wananisifu mikono kwa sababu tangu mwezi uliopita nafuma shali kwa kroshia na kuwapa bure watu waliofukuzwa makwao kwa hii fujo ya kura, nimemaliza saba, na nikiulizwa uzi nasema ni masalio ya fundi wa sweta. Hiyo ni ukweli. Kitu sisemi ni kwamba fundi hakunipa.

Fundi ni Mama Gichuru, tulikuwa tunapakana naye ukuta, alikuwa anafuma sweta za shule kwa mashine, na ndiye alinifundisha kushika sindano nikiwa darasa la nne. Siku fujo ilipofika kwetu alitoroka na watoto na nguo za mwilini tu, vijana wakavunja mlango, na walipotoka na godoro na televisheni mama yangu akaingia, nikamfuata, yeye akabeba mashine na mimi nikabeba mfuko wa masalio, ile rangi ya damu ya mzee na manjano kidogo. Mama alisema, "Tunamwekea. Tukiiacha hapa, jioni haiko." Nikaamini.

Jumapili iliyopita tulienda na akina mama wa kanisa kugawa shali kwenye hema za waliofukuzwa, pale uwanja wa maonyesho, na mtu wa tatu kwenye foleni alikuwa Mama Gichuru. Alijifunika, akaigeuza kwa vidole, akaniambia, "Kasichana kangu, hii ni uzi ya sweta zangu. Mlitoa wapi?"

"Tulipewa na watu, mama."

"Watu gani?"

"Watu tu."

Akasema, "Sawa. Uzi si kitu. Mashine ndiyo nalilia. Nikiipata, hata kwa hii hema nitafuma." Akanishukuru.

Nyumbani nikamwambia mama nimemwona, nikidhani atafurahi, akaendelea kukata sukuma wiki. "Huyo harudi huku tena," akasema. "Na wewe hujaona kitu." Sasa kuna mzee wa Kawangware amekuja mara mbili, ameivuta mashine kutoka chini ya kitanda, akaijaribu, akasema ni nzima na ataichukua mwisho wa mwezi, na mama anasema hiyo ndiyo karo yangu. Shangazi, nikisema nitakuwa nimemchoma mama, nimemwaibisha mbele ya kanisa lote, na nikinyamaza nitasoma kwa mashine ya mtu aliyenifundisha, na shali ya nane imenishinda kumaliza, naomba uniambie kama kuna njia ya ngoja kuna viatu mlangoni naficha hii chini ya

SHANGAZI ANAJIBU

Binti yangu, majina yote nimeyabadilisha. Sentensi yako ya mwisho haina mwisho, lakini swali nimeliona.

Pole kwanza. Mliyoyaona siku za fujo hayakufaa macho ya mtoto. Sasa nikukemee. Cha mtu hakitolewi sadaka, hata kikifumwa vizuri namna gani. Mama wa watu alikuuliza mara mbili, ukamjibu "watu tu". Yeye si mjinga. Uzi wake anaujua, na nadhani ile habari ya mashine alikuambia wewe kwa makusudi.

Mama yako huenda siku ile alimaanisha alichosema. Wengi huanza kwa kuweka, wakaishia kuuza. Mpe nafasi ya kurudi alipoanzia. Leo mkiwa wawili, mwambie: "Mama, ulisema tunamwekea. Twende tumwambie tumemwekea." Usiongeze kitu.

Akikataa, usiende polisi na usipaze sauti kwenye ploti, wapangaji wenzenu wakasikia. Siku hizi mtu akiitwa mwizi huko kwenu hapewi muda wa kujieleza. Mwone faraghani kiongozi wa wale akina mama wa kanisa mliogawa nao shali, umwombe aongee na mama yako, mashine ikae kanisani hadi mwenyewe aijie. Karo mkaongee na mwalimu mkuu, mimi sijasikia shule inayolipwa kwa kitu cha jirani.

Shali ya nane iache hapo ilipo. Ukitaka kuimaliza, kaombe uzi kwa mwenye uzi.

Na kwa Mama Gichuru utaenda wewe, wiki hii, mama yako akikubali au asikubali. Ukifika usianze na habari za mama yako. Anza na ule mfuko ulioubeba mwenyewe.