Sumu Katika Mto Kiptiget

Jumamosi, mwezi wa tano, 1954. Mvua imekatika tangu juzi, lakini baridi ya milima ya Mau bado inaingia mpaka kwenye mifupa.

Mkono wa kushoto umefungwa kitambaa na unapiga kama moyo. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi nilikuwa na furaha. Kiptiget ulikuwa umeacha wekundu wa wiki nzima, mawe ya chini yanaonekana, na samaki wa Wazungu, trauti, wanaruka kudaka wadudu kivulini. Kule kwenye bwawa la kiwanda cha chai bado ni tope tupu. Nikajua Wazungu watakuja huku mtoni na fimbo zao za kuvulia na wale nzi wao wa bandia wa manyoya. Mimi ni askari wa mto. Kazi yangu ni wakute samaki.

Chini ya maporomoko nikakuta matumbo meupe yanaelea.

Wengine walikuwa bado wanapinduka-pinduka wakitafuta pumzi. Povu la mizizi ya sumu iliyopondwa lilikuwa limeshika ukingoni. Na ndani ya maji, akijaza gunia, alikuwa Ondieki, kaka wa mke wangu, mchuma chai wa hapa hapa shambani.

"Shemeji, toka humo," nikamwambia. "Huko chini watu wanachota maji haya."

"Watoto wangu wamesahau nyama," akajibu bila kugeuka. "Wewe unabeba rungu kulinda mchezo wa Wazungu."

Nikashika gunia. Akalivuta. Nikamsukuma, akateleza, na aliposimama alikuwa na panga. Nilikinga uso kwa mkono. Sikusikia maumivu, niliona tu damu yangu ikienda na maji.

Nikampiga rungu kichwani. Pigo la kwanza lilikuwa la kujiokoa. La pili lilikuwa la hasira.

Akaanguka kifudifudi, mto ukamchukua katikati ya samaki wake. Hapo ndipo akili ilinirudia. Nikajitosa, nikamshika kola, nikamburuta mpaka kwenye nyasi. Alitapika maji na damu.

Sikusikia gari. Meneja wa shamba alishuka na mgeni wake, Mzungu mwenzake, akaona samaki kabla hajatuona sisi.

"Nani naua samaki yangu?"

Gunia lilikuwa pale, halikuhitaji mtu wa kujibu. Alichukua kiboko garini, akaanza kumchapa Ondieki akiwa amepiga magoti, macho yamefunikwa na damu. Shati lilichanika, kisha ngozi. Ondieki hakuinua hata mkono wa kujikinga.

Sikufikiri. Kiboko kiliporudi juu nikakidaka, nikavuta, na meneja akaanguka kwenye matope. Mgeni akatoa bastola, akanielekezea kifuani.

Nilisikia maporomoko tu.

Meneja aliinuka, akajipangusa, akautazama mkono wangu uliochanika. Nilidhani ataniua. Badala yake akaongea taratibu, na hiyo iliniogopesha zaidi.

"Huyu nataka kuua wewe na panga. Jumatatu wewe sema hivyo kwa korti. Kazi yako iko, nyumba yako iko. Kama hapana sema, wewe na bibi yako toka."

Wakamfunga Ondieki kamba, wakamtupa nyuma ya gari kama gunia lenyewe, wakampeleka polisi Kericho.

Nyumbani mke wangu Kemunto aliniosha jeraha kwa maji ya chumvi. Nilimweleza yote. Hakulia. Alifunga kitambaa kwa nguvu mpaka nikauma meno.

"Wakimfunga kwa maneno yako," akasema, "ni wewe utakwenda kumwambia mama yangu. Mimi sitakwenda."

Amelala ameupa ukuta uso.

Ni kweli alinikata. Lakini hakuja mtoni kuniua, alikuja kutafuta kitoweo. Nikilisema hilo kortini, tutalala wapi Jumatatu? Nisipolisema, nitalala na nani?

Kesho sitakwenda kanisani. Nitatembea mpaka Kericho na blanketi na chupa ya uji, niwaombe polisi wanionyeshe shemeji yangu. Kabla sijasimama mbele ya hakimu, nataka nikae naye chini na kumwambia nitakachosema.

Sijui kama atakubali kunitazama.